Barua Tulizonakili Ubaoni

Hotuba ya Mratibu wa Miradi wa Dayosisi kwa kamati za sharika za Mbinga na mwambao wa Ziwa Nyasa, pamoja na marafiki wanaochangia kazi hii



  Nimeombwa nizungumzie madarasa ya jioni ya Kiingereza. Taarifa ya fedha mnayo mikononi, sitairudia. Nina jambo ambalo halimo kwenye taarifa ile.

Kwa miaka kadhaa watoto wanaosaidiwa sare, madaftari na gharama za bweni wamekuwa wakiwaandikia wafadhili barua za shukrani kwa Kiingereza. Ninyi mliozipokea, kama mliwahi kuweka mbili mezani kwa pamoja, mliona kwamba zinafanana neno kwa neno. Ni kwa sababu niliziandika mimi. Nilisimama ubaoni na chaki, nikaandika barua moja, watoto wakainakili, kila mmoja akaweka jina lake chini. Barua zilikuwa safi, hazikuwa na kosa, na hakuna mtoto hata mmoja aliyekuwa amesema lolote.

Siku moja binti wa kidato cha pili, kutoka kijiji cha ziwani, alinifuata mlangoni. "Shikamoo Mratibu. Samahani, hapa nimeandika nini?" Alikuwa amekwisha kuweka sahihi.

Ndugu zangu, binti huyo husoma bayolojia, jiografia na historia kwa lugha hiyo hiyo. Shule ya msingi alisoma kwa Kiswahili miaka saba, akavuka kwenda sekondari, na kesho yake kila kitabu kikawa Kiingereza. Jambo hili si geni. Mwaka 1982 Tume ya Rais iliyoongozwa na Jackson Makwetta ilipendekeza Kiswahili kitumike sekondari kuanzia 1985, na halikutekelezwa. Mwaka 1984 wataalamu wawili kutoka Uingereza, Criper na Dodd, walionyesha kwamba wanafunzi wengi wa sekondari hawakuwa na Kiingereza cha kutosha kusomea masomo mengine. Mimi binafsi naona Tume ilikuwa sahihi. Lakini binti yule ana mtihani wa kidato cha nne, na mtihani hausubiri maoni yangu.

Basi tukaanzisha madarasa, na mwaka wa kwanza tuliharibu. Tulichukua kitabu cha sarufi tukaanza na nyakati, wakati uliopo, uliopita, ujao, kwa sababu ndivyo sisi wenyewe tulivyofundishwa. Katika chumba kimoja walikaa watoto wa sekondari, kijana anayevusha bidhaa kwenda Nkhata Bay, akina mama wa kahawa wanaotaka kusoma maandishi yaliyo kwenye chupa za dawa za kunyunyizia, na mwinjilisti mmoja. Walutheri ni wachache huku, majirani zetu Wakatoliki na Waanglikana walitutangulia kwa miaka mingi, na darasani hatuulizi mtu anasali wapi. Kufikia msimu wa kuvuna kahawa akina mama walikuwa wameacha kuja. Nilidhani ni kazi za shambani. Mmoja aliniambia ukweli: "Mwanangu, mnatufundisha kusema jana na kesho, lakini hatujasema kitu."

Hatukuwa na walimu wa kugawa madarasa kwa viwango. Tulichofanya ni kuwapa wote jambo moja la kuandika, linalotoka katika kazi zao, kila mtu kwa kadiri yake. Mwenye sentensi moja alete moja. Mwenye tano alete tano.

Sarufi tuliipunguza tukabaki na yale yanayowakwamisha kweli. Kwa mfano, Kiswahili husema "baba anavua". Ile "a" ya mwanzo imekwisha kumtaja baba ndani ya kitenzi. Kwa hiyo mtoto huandika "My father he catches fish", akimtaja baba mara mbili. Walimu wengi humwita mzembe. Si uzembe, amebeba utaratibu wa lugha yake na kuuingiza katika lugha ya watu. Ukimwonyesha hivyo anacheka, na kesho analiona kosa mwenyewe. Vilevile Kiswahili hakitofautishi mwanamume na mwanamke katika "yeye", kwa hiyo bibi anageuka "he" bila mtu kukusudia kumvunjia heshima.

La tatu ni "ndiyo". Ukiniuliza "Hujala?" nami nikajibu "Ndiyo", umeelewa kwamba sijala. Katika Kiingereza jibu hilo lina maana kwamba nimekula. Kijana wetu wa Nkhata Bay alilipata hilo kwa gharama. Wenzake wa ziwani huelewana na watu wa ng'ambo kwa Kinyanja, lakini yeye ni Mmatengo wa milimani na hana lugha nyingine ya kujitetea. Afisa alimwuliza kama hana mzigo mwingine, naye akajibu "Yes". Walipekua magunia yake yote mpaka jioni. Darasani tulicheka sana. Yeye alicheka pia, ila siku ile hakucheka.

Sasa nije kwenye aya, maana hapo ndipo nilipojifunza mimi. Tuliwaomba waandike aya moja kwa Kiingereza, tukapata jina, shule, mpira, mto na shangazi katika pumzi moja. Nikasema, basi andikeni kwa Kiswahili. Yakaja yale yale! Kumbe tulikuwa tukilaumu Kiingereza kwa kosa lisilo lake. Hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba aya ni jambo moja, na kila sentensi iliyomo iko pale kulitumikia jambo hilo.

Tukaanza upya, kwa Kiswahili, na ngoro. Mama wa Kimatengo alisimama akatoa sentensi ya kwanza: ngoro huzuia maji yasichukue udongo. Nikaiandika ubaoni. Kisha tukauliza, huzuiaje? Nyasi hufyekwa mvua zinapokaribia kwisha. Hupangwa kwa miraba juu ya mteremko. Udongo huchimbwa katikati ya mraba na kufunika nyasi, shimo likabaki na matuta pande zote. Maharage hupandwa juu ya matuta, na mahindi hufuata msimu unaokuja. Maji ya mvua hutuama shimoni badala ya kukimbilia bondeni. Mtoto mmoja akaongeza kwamba bibi yake aliumwa mgongo wakati wa kulima. Darasa likauliza, hilo linahusu maji? Likatolewa, likahifadhiwa kwa aya nyingine. Walutheri waliopita Kipaimara walikumbuka pia Katekisimu Ndogo ya Luther ya mwaka 1529, jinsi amri inavyotajwa kwanza halafu maelezo yake yakafuata bila kutangatanga. Baada ya hapo ndipo tuliigeuza ngoro kwa Kiingereza, sentensi moja moja, na akina mama wamerudi.

Binti yule wa ziwani aliandika barua yake mwenyewe. Ilikuwa na sentensi nne. Dagaa walikuwa wameanikwa mchangani, mvua ikaja mchana, bibi akalia, wakala ugali na mboga za majani wiki nzima. "He" ya bibi aliisahihisha mwenyewe ikawa "she", lakini "cry" aliiacha bila alama ya wakati uliopita. Katika kamati tulibishana. Mzee mmoja ninayemheshimu sana alisema ni aibu kwa dayosisi kupeleka makosa Ulaya. Namwelewa. Niliituma kama ilivyokuwa.

Jibu lilikuja. Mfadhili aliuliza kama wale dagaa wote waliharibika, na kama bibi hana mahali penye paa pa kuanikia. Katika miaka yote ya barua zangu safi za ubaoni, hakuna aliyewahi kuuliza swali. Binti alilazimika kuandika aya ya pili, na safari hii hakuja kwangu kuuliza maana yake.

Kwa hiyo nina maombi mawili. Kamati za sharika, naomba chumba cha jioni kisitolewe kwa mikutano katika siku za darasa, na taa ya sola ibaki pale pale, isiazimwe kwenye sherehe. Marafiki wafadhili, kuanzia sasa barua zitachelewa, zitakuwa fupi, na zitakuwa na makosa. Mkizijibu, tafadhali wekeni swali moja ndani yake. Bibi, mkitaka kujua, sasa anaanika dagaa juu ya kichanja chenye turubai pembeni, na aya inayoeleza namna kilivyojengwa bado inaandikwa.