Tukemee Kosa, Tusimfukuze Jirani

(Mazungumzo ya redio kwa wasikilizaji wa Butembo na Beni. Yameandikwa hapa ili yasomwe katika familia na katika vikundi vya amani.)



Leo tunazungumza juu ya neno zito. Siku moja, katika mafundisho yetu pamoja na familia zilizokimbia, mama mmoja aliyetoka upande wa Oicha alisimama akaniuliza: «Mwanangu, wale waliomkata bwana yangu walikuwa wanaita jina la Mungu kwa Kiarabu. Nawe unatuambia tukae vizuri na Waislamu. Je, masikio yangu yalisikia vibaya?»

Watu wote walinyamaza. Mimi nilisoma sheria, lakini siku ile sheria peke yake haikutosha kunipa jibu. Nikamwambia: «Hapana, mama. Hukusikia vibaya.» Jibu lililobaki ndilo ninalotaka kuwapa leo, mama yule na ninyi wote.

1. Tusifiche ukweli

Wengine wanafikiri amani inaletwa kwa kuficha. Wanasema: «Wauaji hawa hawana neno lolote na dini.» Wanasema hivyo kwa moyo mzuri, lakini aliyeponea msituni hawezi kuwaamini, na akiona tunadanganya jambo moja, hatasikiliza jingine.

Ukweli ni huu. Kundi la ADF liliundwa mwaka 1995 na watu waliotoka Uganda, likajificha katika milima ya Ruwenzori na misitu yetu ya Beni. Mkubwa wake wa kwanza, Jamil Mukulu, alitoka katika kikundi cha Tabligh kule Kampala. Mahubiri yake yalipita mkono kwa mkono katika kaseti. Alikamatwa Tanzania mwaka 2015, akarudishwa Uganda. Musa Baluku aliyeshika nafasi yake aliliunganisha kundi na lile linalojiita Dola la Kiislamu, ambalo tangu mwaka 2019 linatangaza mauaji ya kwetu kuwa kazi yake.

Tangu mwezi wa 10, 2014, mauaji yameenea katika teritwari ya Beni. Yameingia Ituri. Mwaka 2024 yalishuka Lubero, kule Maikengo. Mwezi wa 9, 2025, watu walichinjwa Ntoyo wakiwa katika matanga. Vilevile, wachunguzi wa Umoja wa Mataifa walionyesha kwamba katika mauaji ya miaka ile ya kwanza walikuwamo pia watu wengine, wenye silaha na wenye tamaa yao. Mbao, dhahabu, kakao na mashamba vimo katika vita hii. Lakini mafundisho ya chuki yamo pia, na lazima tuyataje.

2. Tujue walioumia kwanza

Mafundisho ya namna hii hayakuanza kwa kumpiga Mkristo. Yalianza kwa kumpiga Muislamu.

Mwaka 1991, vijana wa Tabligh walivamia makao makuu ya Waislamu pale Old Kampala, katika ugomvi wa nani awe mufti. Polisi waliuawa, vijana wengi wakafungwa, na Mukulu alikuwa mmoja wao. Kabla ya panga kufika Mbau na Eringeti, lilikuwa limeinuliwa kwenye mlango wa msikiti, Muislamu akimwambia Muislamu mwenzake: «Wewe si Muislamu wa kweli.»

Neno hilo ndilo mzizi. Mtu akishajipa ruhusa ya kumtoa mwenzake katika dini, yuko karibu kujipa ruhusa ya kumtoa katika uhai. Waislamu wanaujua ugonjwa huo tangu zamani. Mwaka 661 khalifa Ali, mkwe wa Mtume Muhammad, alipigwa upanga katika msikiti wa Kufa, mwezi wa Ramadhani. Aliyempiga hakuwa Mkristo wala Myahudi. Alikuwa mtu wa Khawariji, kikundi kilichosema kwamba Ali mwenyewe ametoka katika dini.

Sasa turudi Beni. Siku ya posho, tarehe 1 mwezi wa 5, 2021, nayo ilikuwa ndani ya Ramadhani. Shehe Ali Amin Uthman alikuwa katika msikiti mkuu wa Beni, kwa sala ya jioni. Mtu mwenye bunduki akampiga risasi, naye akafa. Shehe huyo alikuwa amesema wazi, hata redioni kama tunavyosema sasa, kwamba mauaji haya hayana ruhusa ya Mungu. Mwezi ule ule, shehe mwingine, Djamali Moussa, aliuawa Mavivi.

Mama wa Oicha, sikiliza. Bwana yako na Shehe Ali Amin hawakusali pamoja, lakini damu yao imemwagika kwa uovu mmoja. Mjane wa Muislamu si adui yako. Ni mjane mwenzako.

Hata katika nchi jirani ni hivyo. Kule Mombasa, Shehe Mohammed Idris, mwenyekiti wa baraza la maimamu na wahubiri wa Kenya, aliwapinga vijana waliotaka kuiteka misikiti kwa nguvu. Walimfukuza katika msikiti wake, na mwezi wa 6, 2014 akauawa kwa risasi.

3. Tukijipima wenyewe

Ninyi Wakristo wenzangu, ninawaomba mvumilie neno linalofuata.

Mwezi wa 12, 2008, wakati wa Noeli, watu wa Joseph Kony waliwaua mamia ya ndugu zetu katika Uele, upande wa Faradje na Doruma. Kony alisema anapigania serikali ya Amri Kumi za Mungu. Je, tulifunga makanisa ya Butembo? Je, mtu alimtemea mate katekista sokoni kwa sababu ya Kony? Hapana. Tulisema: huyu ni mwuaji, anajifunika Amri ambazo anazivunja. Tulijua kutofautisha, kwa sababu nyumba ilikuwa yetu. Kipimo kile kile tulichojipimia sisi, tumpimie na jirani.

Tena, Kiswahili hiki ninachowaambia nacho kilifika huku pamoja na watu wa pwani, wengi wao Waislamu, katika karne ya 19. Kilipita Kasongo na mito yetu, na leo padri anahubiri nacho. Historia ile ilikuwa na utumwa na machozi, sikatai. Lakini Muislamu wa Butembo si mgeni aliyefika jana. Ni mwenye duka, fundi, dereva, Munande kama wewe, mtoto wa shangazi yako.

4. Sheria inasema nini

Katiba yetu ya tarehe 18 mwezi wa 2, 2006 inasema mambo matatu ambayo kila mkubwa wa kartie anapaswa kuyashika kichwani.

La kwanza ni kifungu cha 22: kila mtu ana uhuru wa dhamiri na wa dini, bila kuharibu sheria, amani ya wote na haki za wengine. Basi anayekuja kwa jina la dini kuchukua uhai wa mtu, kifungu hiki hakimlindi.

La pili ni kifungu cha 17: kosa la jinai ni la mtu mwenyewe. Hakuna anayeweza kufuatwa, kukamatwa au kuhukumiwa kwa tendo la mwingine. Hata baba hawezi kuhukumiwa kwa kosa la mtoto. Vipi basi msikiti mzima uhukumiwe kwa kosa la watu wa porini?

La tatu ni kifungu cha 18: anayekamatwa lazima aelezwe mara moja sababu ya kukamatwa kwake, na hawezi kuwekwa mikononi mwa polisi kupita saa 48 bila kufikishwa mbele ya mwenye mamlaka ya sheria.

Kwa nini ninasisitiza? Kwa sababu ya aibu yetu wenyewe. Mwisho wa mwezi wa 10, 2014, Beni ikiwa katika kilio, kundi la watu lilimpiga mawe kijana mmoja mpaka akafa, kisha likamchoma. Habari za wakati ule zilisema alishukiwa kwa sababu hakuweza kuongea Kiswahili. Hakuna hakimu aliyemwuliza neno. Kama alikuwa mwuaji, tulipoteza yale ambayo angeweza kusema. Kama hakuwa, basi siku ile wauaji tulikuwa sisi.

5. Jinsi ya kukemea

Kukemea ni lazima. Lakini kuna kukemea kunakojenga na kukemea kunakobomoa.

Taja tendo na mtenda, usitaje dini nzima. Sema «watu wa ADF wamechoma nyumba», usiseme «Waislamu wamechoma nyumba». Maneno haya mawili hayatofautiani sana mdomoni, lakini moja linampeleka mwuaji mahakamani, jingine linampeleka mtoto wa jirani kaburini.

Usimcheke Mtume wala kitabu cha mwenzako. Matusi hayajapata kumrudisha kijana hata mmoja kutoka porini. Yanampa tu mwenye kudanganya vijana neno la kuwaambia: «Mnaona? Wanatuchukia.»

Waache Waislamu wenyewe wawe wa kwanza kujibu kwa elimu yao. Mimi si imamu. Lakini ninajua, kwa kuwasikiliza maimamu, kwamba Korani katika sura ya 2, aya ya 256, inakataa mtu kulazimishwa katika dini, na katika sura ya 5, aya ya 32, inahesabu kuua mtu mmoja bila haki kuwa kama kuua watu wote. Imamu akisema hayo Ijumaa mbele ya vijana wake, yana nguvu kuliko mimi nikiyasema mwaka mzima.

Lakini imamu huyo anahitaji mgongo. Shehe Ali Amin alisema, akafa. Kama sisi tutamtukana shehe mchana, na watu wa porini watamwinda usiku, nani atasema tena? Kumfukuza Muislamu anayekemea mauaji ni kuwasaidia wauaji kumnyamazisha.

6. Maombi yangu

Kwenu ndugu Waislamu. Najua mmechoka kuulizwa kila siku swali ambalo hamkuliandika. Hata hivi nawaomba: msiseme tu «hao si wetu» kisha mkafunga mlango. Wanatumia maneno yenu, basi ni ninyi mnaoweza kuwanyang'anya maneno hayo. Mjue nani anafundisha watoto wenu, na anayelipa safari ya kijana anayeambiwa anakwenda kusoma au kupata kazi mbali. Mwalimu anayewaita Waislamu wengine makafiri, msimvumilie kwa haya. Na mtoto akipotea, msifiche kwa kuogopa aibu. Tafuteni msaada mapema.

Kwenu mliokimbia. Mna haki ya kulia, ya kukasirika, na ya kudai hukumu. Sitawaomba msamehe leo. Msamaha hauamriwi redioni. Ninaomba jambo dogo zaidi: hasira yenu isimkose mkosaji ikampata asiyekosa. Na mtu akitoroka kutoka mikononi mwa ADF, msimfukuze. Wengi waliotekwa walilazimishwa kubadili dini na jina. Msichana anayerudi amefunikwa kichwa na anaitwa jina jipya hakuchagua hayo. Alitekwa. Mpeni maji, mpeni mahali pa kukaa, mumpeleke kwa wanaohusika. Anaweza kuwa binti yako.

Kwenu wakubwa wa avenyu na wa kartie. Mtu akishukiwa, ulizeni: amefanya nini, lini, nani ameona? Msiulize: anasali wapi? Mpelekeni kwa polisi akiwa mzima. Katika orodha ya msaada, andikeni familia kwa shida yake, si kwa dini yake. Katika komite ya waliokimbia, tafuteni familia ya Kiislamu iliyokimbia pia, maana zipo, nayo ikae mezani. Na tukizika watu wetu, mwalikeni imamu asimame pamoja na padri na mchungaji. Watoto waone kwa macho yao.

Mama yule wa Oicha, baada ya mazungumzo yetu, hakuniambia kwamba amekubali. Aliniambia tu: «Nitafikiri.» Nilimshukuru. Anayekubali kufikiri wakati moyo wake unatoka damu amefanya kazi kubwa kuliko sisi wenye kusema. Nanyi nyote ninawaomba mfanye hivyo: kabla ya kuinua jiwe, kabla ya kulitamka jina la dini kama tusi, ufikiri kwanza.

 Mungu wa wote alinde Beni, Butembo na Lubero. Tutaonana katika mazungumzo yanayofuata.