Wanaohesabu Siku Nyumbani



Ndugu wasikilizaji, tangu uwanja wa ndege wa Kilimanjaro ulipofunguliwa mwaka 1971, watu wa mlima huu wamezoea jambo ambalo babu zetu hawakulijua: mtu hunywa chai ya asubuhi Ulaya, na usiku uleule akabisha hodi kihambani kwake Kibosho, Marangu au Rombo. Ndege ikianza kushuka, Kibo huonekana juu ya mawingu, na kila Mchagga aliyemo hugeuza shingo kuelekea dirishani. Pengine anatoka katika semina ya majuma matatu. Alipokelewa vizuri, alisikilizwa aliposema, na posho ilitosha. Amefurahi, na hakuna dhambi katika furaha hiyo. Kazi halali ikifanyika vema huleta furaha, nayo yatoka kwa Mungu.

Tufungue Kitabu cha Tobiti. (Ndugu zetu Walutheri, walio wengi hapa mlimani, hawakihesabu kati ya vitabu vya Biblia, lakini sidhani kama yuko mama wa Kilutheri atakayeshindwa kumwelewa Ana.) Kijana Tobia alitumwa na baba yake, kutoka Ninawi hadi nchi ya Wamedi, kufuata talanta kumi za fedha zilizowekwa amana kwa Gabaeli huko Rage. Ilikuwa safari ya kazi. Njiani akamwoa Sara, na baba mkwe, Ragueli, akafanya karamu ya siku 14. Tobia alikula na kunywa. Hata fedha alikwenda kuichukua Rafaeli kwa niaba yake. Maandiko hayamlaumu hata kidogo.

Nyumbani je? Tobiti, mzee kipofu, anahesabu siku za kwenda na siku za kurudi, na hesabu imepita. Mkewe Ana hutoka kila siku kuitazama njia aliyopita mwanawe. Chakula hakimpiti kooni, na usiku hulia. Mume anamsihi atulie, huenda mtoto amecheleweshwa na shughuli. Mama anamjibu anyamaze, asimdanganye. Wazee wawili waliopendana sasa wanajibizana kwa uchungu, na yule wanayemwania yuko mbali, karamuni, hana habari.

Hali hiyo twaijua. Mama aliyebaki kihambani hupanda kutoka tambarare na mzigo wa majani ya ng'ombe kichwani, huwahi zamu ya maji ya mfereji, hukesha na mtoto mwenye homa, na humjibu babu anayeuliza kila jioni: atarudi lini? Siku hizi kuna simu, ni kweli. Lakini simu haimshikii mtoto mgonjwa, na ikiwa nyuma ya sauti ya baba husikika muziki na vicheko, yaweza hata kuongeza upweke.

Ragueli naye alimwomba Tobia akae zaidi. Yeye angepeleka wajumbe kwa Tobiti. Tobia alikataa. Alijua kwamba wazazi wake wamekwisha kukata tamaa, na mjumbe si mwana. Hapa nawafikiria wale ambao kazi imekwisha, lakini huongeza siku mbili tatu kwa sababu tu posho haijakwisha.

Akapewa nusu ya mali ya Ragueli: ng'ombe na kondoo, punda na ngamia, nguo na fedha. Msafara ulipokaribia Ninawi, Rafaeli alimwambia watangulie wao wawili, mizigo na bibi arusi wafuate. Basi Tobia akafika nyumbani na nyongo ya samaki mkononi, mbwa akiwafuata nyuma.

Sisi tumezoea kinyume chake. Sanduku ndilo hutangulia mlangoni. Watoto hujaribu viatu, majirani hujaa, baba husimulia habari za hoteli, na hadi usiku wa manane hakuna aliyemwuliza mama majuma yake matatu yalikuwaje. Sisemi zawadi ni mbaya. Mtoto na avae viatu vyake. Lakini nyongo ni chungu, nayo ilipakwa macho ya yule aliyekuwa akingoja. Kwetu dawa hiyo ni kuuliza, na kusikiliza mpaka mwisho, hata yale yasiyopendeza. Tena ikiwa pana kosa, wazee wetu walijua la kufanya: mkosaji alichukua jani la sale, na aliyeletewa sale hakuweza kukataa kusamehe.

Ana alimwona kwanza, akakimbia kumkumbatia. Tobiti alijikwaa akitoka mlangoni. Tobia akampaka dawa, na mzee akalia alipouona uso wa mwanawe. Sara alipofika na msafara, Tobiti alikwenda langoni kumlaki, akitembea bila kushikwa mkono, na watu wa Ninawi wakastaajabu.

Makatekista, naomba Jumuiya zenu zisome sura ya 10 na ya 11 juma hili. Kama yumo aliyerudi safarini, asomaye awe yule aliyebaki nyumbani.