Mranaha na Kumbukumbu: Mada kwa Waganga na Wahudumu wa Afya wa Kata ya Masagati

Ndugu Mwenyekiti, wazee wetu waganga wa tiba asili, na ninyi wahudumu wa afya ngazi ya jamii: nimeombwa niseme juu ya mitishamba na ubongo. Nimechagua mranaha peke yake, kwa kuwa huota wenyewe jalalani, kando ya mazizi na ndani ya mashamba ya mahindi, na kwa kuwa wenye pumu katika nchi nyingi wamevuta moshi wa majani yake tangu zamani.

Moshi ule hufungua kifua kweli. Sikuja kuwabeza wazee. Mranaha una atropini na skopolamini, ambazo hulegeza misuli inayobana njia za hewa. Shida ni kwamba haziishii kifuani. Zikifika kichwani huzuia asetilkolini, kemikali ambayo seli za ubongo hupashana nayo habari, hasa pale mtu anapohifadhi jambo jipya. Ndiyo maana aliyezidiwa na mranaha huweweseka, huzungumza na watu wasiokuwepo, na akipata nafuu hakumbuki kitu. Mwanzoni mwa karne ya 20 madaktari wa Ujerumani waliwachoma wanawake wenye uchungu wa uzazi sindano za skopolamini na mofini. Uchungu waliupata, ila baadaye hawakuukumbuka.

Mwaka 2019 huko Karamoja, Uganda, sumu hizohizo ziliingia katika unga wa lishe wa msaada. Watu karibu 300 waliugua na watano wakafa. Walikuwa wamekula uji tu.

Atropini hiyohiyo huokoa maisha hospitalini. Mkulima wa mpunga akidhuriwa na baadhi ya dawa za kuulia wadudu, atachomwa atropini. Lakini pale daktari anajua amechoma kiasi gani. Jani la mranaha halina kipimo: nguvu yake hutofautiana mmea kwa mmea, na mbegu ni kali mno. Kwa hiyo nasema wazi, mtoto asipewe mranaha kwa njia yoyote, awe na pumu au degedege.

Hapa kwetu mtoto akianza kuweweseka, husemwa malaria imepanda kichwani, au amerogwa. Malaria ipimwe, hilo halina mjadala. Ila mtazameni pia macho: je, mboni zimepanuka? Mdomo umekauka? Ngozi ina joto bila jasho, moyo unakwenda mbio, mkojo umeziba? Basi ulizeni amekula au amenyweshwa nini, hata kama ni mboga iliyochumwa shambani.

Msingoje apoe. Hospitali ya Ifakara iko mbali, kwa hiyo anzeni na zahanati mara moja, mkiwa na tawi la mmea wenyewe. Mganga aliyetoa dawa afuatane na mgonjwa, wala asikaripiwe mlangoni. Akiogopa lawama atanyamaza, na tabibu atabaki anabahatisha.