Rubi Ndani ya Zoisaiti ya Longido: Asili, Maana na Utunzaji Wake



1. Utangulizi
Kipande hiki nilichokishika ni cha kijani, kina madoa meusi, na katikati yake limekaa bonge jekundu la rubi. Masonara na wakataji vito wengi tunalipita jiwe hili kwa kuwa halipitishi mwanga. Hoja yangu ni kwamba haya ni madini makuu mawili yaliyoshikana, na fundi anayeyashughulikia kama moja huyaharibu yote.

2. Asili
Jiwe hili linatoka Longido, kaskazini mwa Arusha, karibu na mpaka wa Kenya, na lilianza kujulikana katika miaka ya 1950. Ukijani ni zoisaiti, madini yaleyale ambayo yakiwa ya buluu tunayaita tanzanaiti, iliyogunduliwa Mererani mwaka 1967. Madoa meusi ni madini ya jamii ya amfiboli. Kinachonishangaza kila mara ni chanzo cha rangi: kromiamu ileile inayoiva nyekundu ndani ya rubi ndiyo inayotoa kijani ndani ya zoisaiti.

3. Maana
Jina lake la sokoni, anyolaiti, limetokana na neno la Kimaasai la rangi ya kijani. Wapo wauzaji wanaolinadi kama jiwe la kuponya maradhi. Tusimuuzie mteja dawa tusiyoweza kuithibitisha. Tumweleze Longido, lugha iliyolipa jina, na kromiamu yenye sura mbili. Hadithi hiyo ni ya kweli na inatosha.

4. Utunzaji
Kwa kipimo cha Mohs, rubi ina ugumu wa 9, zoisaiti kati ya 6 na 7. Kwenye gurudumu, kijani huliwa upesi na rubi hubaki imeinuka kama kipele. Dawa yake ni unga wa almasi, pedi ngumu na mkono usio na haraka.

Zoisaiti pia hupasuka kirahisi katika mwelekeo mmoja, hivyo jiwe hili linafaa zaidi kwa kidani au hereni kuliko pete inayogongwa kila siku. Likae mbali na moto wa kulehemu, ndimu, tindikali na mashine ya kusafishia kwa mawimbi ya sauti.

Mwambieni mteja asilipanguse likiwa kavu. Vumbi lina chembe za kwatzi, zenye ugumu wa 7, zinazokwaruza kijani. Alioshe kwa maji ya vuguvugu, sabuni laini na brashi laini, alikaushe, alihifadhi katika kifuko chake.

5. Hitimisho
Naomba kipande hiki kizunguke mezani. Kila mmoja apitishe ukucha pale kijani kinapokutana na nyekundu. Ukucha ukikwama, fundi hajamaliza kazi. Ukiteleza, ameyaheshimu madini yote mawili.