Gari Lisisimame Juu ya Reli

Mazungumzo haya ni kwa wenye magari na madereva wa Nakuru, Naivasha, Gilgil, Njoro, Molo, na kila mahali katika Bonde la Ufa ambapo barabara hukatana na reli. Hayamhusu mlevi wala mwizi wa magari, maana hao wana mahakama zao. Yanamhusu mtu mwema, mwenye leseni halali na gari zima, ambaye akifika penye reli husimama juu yake na kusema, "Dakika moja tu."

Dakika hiyo ina sababu nyingi. Huyu anamshusha mama mwenye mzigo, kwa kuwa mama amesema, "Nishukie hapa hapa." Yule anapakia magunia ya viazi, na kando ya reli ndipo penye nafasi. Wa tatu hakukusudia kusimama hata kidogo: alifuata mkia wa lori lililokuwa mbele yake, lori likasimama, naye akajikuta magurudumu ya mbele yamekwisha kuvuka na ya nyuma bado. Wa nne ameona reli ina majani na kutu kidogo, akaamua kwamba treni haipiti tena; basi amefunga milango na kwenda zake kunywa chai. Kila mmoja ana udhuru wake, na wote wana imani moja: kwamba treni ikija wataisikia.

Huyo wa nne asihukumiwe upesi kuliko wenzake, maana kosa lake lina historia. Reli ilifika Nakuru mwaka 1900, kabla ya motakaa kujulikana huku, na mji wenyewe ulikua kwa kuifuata reli. Wazee waliikuta treni ikiwa mwenye nyumba na gari likiwa mgeni. Lakini ikaja miaka ambayo treni zilipungua sana, na zile za abiria za kwenda Kisumu zikasimama. Watoto wakakua wakiiona reli kuwa njia ya miguu, mahali pa kuanikia nguo na kuuzia mitumba. Kisha Desemba 2021, mwezi ule ule Nakuru ilipopewa hadhi ya jiji, treni ya abiria ya kutoka Nairobi kwenda Kisumu ilianza tena safari zake, na reli ya zamani ya kwenda Malaba ikawa imekarabatiwa kwa ajili ya mizigo. Treni zikarudi, mazoea ya watu hayakurudi pamoja nazo.

Sasa itazamwe ile imani ya kwamba treni itasikika. Dereva aliyefunga vioo kwa sababu ya vumbi, redio ikiimba, injini ikinguruma, na nyuma yake lori likipiga honi, husikia nini? Huko Molo na Mau asubuhi kuna ukungu ambao haumruhusu mtu kuona ng'ombe aliye mbele yake, sembuse treni. Penye kona na machimbo, au penye mahindi yaliyokua hata kuziba upeo wa macho, treni huonekana wakati imekwisha kukaribia. Kadhalika vivuko vingi havina lango wala mlinzi. Vina kibao tu, na pengine hata kibao kimegongwa kikaanguka. Palipo na mlinzi dereva huweza kulaumu. Pasipo na mlinzi, mlinzi ni dereva mwenyewe.

Na hata treni ikisikika, haifuati kwamba itasimama. Hapa ndipo wengi hukosea, kwa kuwa hupima treni kwa kipimo cha gari. Treni iendayo kilomita 40 kwa saa, mwendo ambao mwenye motakaa huuona kuwa wa kobe, hupita mita 11 kila sekunde. Katika ile "dakika moja tu" imekwisha kupita mita zaidi ya 650. Mwendeshaji wake akiona gari juu ya reli hana usukani wa kuikwepesha. Ana honi na breki basi. Gurudumu la chuma juu ya reli ya chuma halishiki kama mpira ushikavyo lami, na nyuma yake kuna mabehewa yaliyojaa shehena, kila moja likisukuma lililo mbele. Treni nzito huhitaji mita mia kadhaa ili isimame, na pengine hupita kilomita nzima.

Nakuru ina jambo lake zaidi. Treni itokayo Uganda hupita Timboroa, mahali penye kimo cha zaidi ya mita 2,700 juu ya bahari, kisha huteremka zaidi ya mita 800 kabla ya kuingia Nakuru. Kila dereva wa lori ajuaye mteremko mrefu anafahamu maana ya kushuka na mzigo. Basi na ajiulize angejisikiaje kama katika mteremko ule angemkuta mtu ameweka kiti katikati ya njia na kuketi.

Wako wanaojitetea kwamba gari lao halikuwa juu ya reli bali kando tu. Reli hii ya zamani ina upana wa mita moja kutoka chuma hadi chuma, lakini injini na mabehewa ni mapana zaidi. Huzidi reli kila upande kwa karibu mita moja nyingine. Gari lililoegeshwa karibu, hata kama gurudumu halijagusa chuma, laweza kukwanguliwa ubavu wote. Mzigo uliotokeza nyuma ya pikapu ni hivyo hivyo.

Jambo la msafara wa magari lastahili kukaziwa, maana humkamata hata mtu mwangalifu. Kanuni yake ni nyepesi: asiingie mtu penye reli mpaka aone ng'ambo ya pili nafasi ya kulitosha gari lake zima. Si nafasi itakayopatikana lori la mbele likisogea. Nafasi iliyopo sasa. Lori lenye tela la mita 17, likienda mwendo wa mtu atembeaye kwa miguu, huhitaji sekunde kama 18 ili mkia wake utoke penye reli. Katika sekunde hizo treni iendayo kilomita 50 kwa saa imepita mita 250. Aliye nyuma atapiga honi na kutukana. Na apige. Matusi hayajapata kuvunja kioo cha gari.

Wala mambo haya si ya kutisha watu kwa maneno matupu. Tarehe 7 Agosti 2025, huko Morendat karibu na Naivasha, basi lililobeba wafanyakazi liligongwa na treni penye kivuko, na watu wasiopungua 8 wakafa. Tarehe 30 Oktoba 2013, Nairobi, upande wa Umoja, treni iligonga basi asubuhi watu wakienda kazini, na waliokufa walizidi 10. Tanzania nako, Novemba 2023, basi na treni ya mizigo viligongana Manyoni katika mkoa wa Singida, watu 13 wakapoteza maisha. Mabasi hayo hayakuwa yameegeshwa. Inatosha gari kuwa juu ya reli kwa sekunde chache katika saa isiyofaa. Basi itakuwaje kwa yule anayezifanya sekunde hizo kuwa dakika kwa hiari yake, tena abiria wakiwa ndani?

Husahauliwa pia mtu mmoja ambaye jina lake halitajwi katika habari hizi, naye ni mwendeshaji wa treni. Yeye huliona gari kutoka mbali, huliona likikaribia, huona nyuso zilizomo, hupiga honi, huvuta breki, na baada ya hapo hana lingine la kufanya ila kungoja. Hakutenda kosa lolote. Siku inayofuata hutakiwa kupita tena mahali pale pale.

Hata kama hakuna aliyeumia, hasara ni kubwa. Reli yetu huku ni ya njia moja. Treni ikisimama Gilgil kwa sababu ya pikapu ya kabeji, hakuna ya kuipita; zipandazo na ziteremkazo hungoja, na mizigo ya kwenda Malaba hungoja pamoja nazo. Mwenye pikapu huona amechelewesha treni moja, kumbe amefunga njia nzima.

Ikitokea gari likazimika juu ya reli bila kusudi, jambo la kwanza ni watu, la pili ni gari. Wote washuke mara moja, watoto na wazee mbele, wala asirudi mtu kuchukua kikapu. Waondoke mbali na reli, na kama treni imekwisha kuonekana wakimbie kwa mshazari kuelekea upande itokako, kwa kuwa gari likigongwa vipande vyake hurushwa mbele kule treni iendako. Kama treni haijaonekana, wapelekwe watu wawili, mmoja kila upande, waende mbali kando ya reli na kupunga kitambaa, chekundu kama kipo, na usiku wapunge taa; kitu chochote kinachopungwa kwa nguvu, mwendeshaji hukifahamu kuwa ishara ya hatari. Wakati huo huo mwingine apige simu kwa polisi na stesheni iliyo karibu. Ndipo gari lisukumwe. Gari lenye gea za mkono, kama betri yake ni nzima, pengine laweza kujivuta lenyewe mita chache likitiwa gea ya kwanza na kuzungushwa stata bila kukanyaga klachi. Dereva ajaribu hivyo mara moja au mbili, abiria wakiwa wamekwisha kushuka, si kabla.

Na abiria nao wasijifanye shehena. Matatu ikisimama penye reli ili kumngoja mtu anayekuja mbio kutoka sokoni, aliye ndani ana haki ya kusema, "Dereva, sogea kwanza, umngoje ng'ambo." Mama mwenye mzigo naye ashukie kabla ya reli au baada yake, hatua ishirini za kubeba kikapu si nyingi. Zamani madereva wengine wa mabasi walikuwa na desturi ya kumtuma kondakta ashuke, asimame penye reli, atazame huku na huku, kisha alipungie basi mkono lipite. Kazi hiyo haimalizi nusu dakika, na kondakta hupanda tena basi likiwa limekwisha kuvuka.