Taka za Busale Zisiwe Mzigo wa Jirani

(Maneno niliyozungumza na vijana wa kata ya Busale, Kyela)

 

Mimi nasomea sheria, lakini sijaja kuwasomea vifungu mpaka msinzie. Nimekuja na kesi mbili na ndoo tatu.

Kesi ya kwanza. Mwaka 1988 wakazi wa Tabata, Dar es Salaam, walichoshwa na dampo la jiji: moshi, inzi, harufu. Joseph Kessy na wenzake wakaenda mahakamani, wakashinda. Jiji likarudi kuomba muda zaidi wa kumwaga taka palepale. Mwaka 1991 Jaji Lugakingira akakataa. Hoja yake ilikuwa nzito: kumwekea mtu uchafu unaohatarisha afya yake ni kugusa haki yake ya kuishi, ile iliyo kwenye ibara ya 14 ya Katiba.

Safi. Sasa taka zikaenda wapi? Kunduchi Mtongani! Huko nako Festo Balegele na wenzake wakaenda Mahakama Kuu, nao wakashinda. Mnaona hapo? Wananchi wameshinda mara mbili, taka zimehama tu.

Nawaambia haya kwa sababu sisi wapinzani tuna ugonjwa wetu. Tunapiga picha jalala, tunaposti, tunasema wameshindwa, basi. Je, kesho tukikabidhiwa halmashauri, tutazimwaga kijiji cha nani?

Jibu linaanzia jikoni. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya mwaka 2004, kifungu cha 114, inazitaka serikali za mitaa ziweke utaratibu wa kutenganisha taka pale pale zinapozalishwa. Sheria ipo zaidi ya miaka 20. Ndoo ndizo hazipo.

Ndoo ya kwanza, vinavyooza: maganda ya ndizi, mabaki ya chakula, majani. Hapa kwetu taka nyingi ni hizi. Ongeza maganda ya kakao. Yakirundikwa shambani yanaeneza ugonjwa wa kuoza kwa kakao, yakioza vizuri kwenye mboji yanairudishia shamba nguvu. Kinondoni wana kiwanda cha mboji Mabwepande, walichojenga kwa ushirikiano na jiji la Hamburg, Ujerumani. Sisi hatuhitaji Hamburg. Tunahitaji eneo la kata, chepeo, na kikundi cha vijana chenye mkataba.

Ndoo ya pili, chupa, makopo na plastiki. Hizi zina wanunuzi, ila wanazitaka safi, si zilizochanganyika na maganda ya maembe. Tusipozikusanya, mvua za Kyela mnazijua: mfereji, mto, ziwa. Na Ziwa Nyasa lina mto mmoja tu wa kutokea, Shire, kule kusini Malawi. Chupa unayoitupa leo itakaa na usipa wetu miaka na miaka.

Ndoo ya tatu, vilivyobaki: betri, pampasi, vioo. Hivi ndivyo vinavyohitaji dampo la kisasa, lililotandikwa chini ili maji machafu yasiingie visimani. Dampo la namna hiyo ni ghali. Kwa hiyo hoja yetu iwe hii: Kyela, Rungwe na Busokelo wachangie moja, na kila kata itume huko kile tu kilichoshindikana. Kupeleka kila kitu ni kulipia mafuta ya lori kusafirisha maganda ya ndizi! Na kijiji kitakachopokea dampo hilo kiulizwe kwanza, kilipwe, kisimamie. Tusiwafanyie wenzetu kile ambacho Tabata ilifanyiwa.

Kazi ya kuanzia ni hii. Mkutano mkuu wa kijiji kisheria unaitishwa kila miezi mitatu. Twende, tuulize kwa adabu maswali mawili: ushuru wa soko, kiasi gani kinarudi kwenye usafi? Kamati ya mazingira ya kijiji ni akina nani? Majibu yaandikwe kwenye muhtasari. Kisicho kwenye muhtasari, kesho watasema hakikusemwa.

Halafu kila mmoja wetu aende nyumbani akatenge ndoo zake. Mama akikuuliza, mweleze. Ukishindwa kumshawishi mama yako, halmashauri utaiweza?