*MANENO YA KATIBU WA TAWI KIKAONI: MASHAMBA YANAYOGEUKA VIWANJA*

Kwa ambao hamkufika Jumamosi, haya ndiyo tuliyosema.

Sensa ya 2012 ilikuta Dar es Salaam ina watu 4,364,541. Ya 2022 ikakuta 5,383,728. Zaidi ya milioni moja ndani ya miaka kumi, na wote wanataka pa kulala. Hatuwalaumu, wengi wetu hapa tawini tulikuja hivyo hivyo.

Lakini tazameni wanakojenga. Goba, Chanika, Kivule: kulikuwa na mihogo, mikorosho na michungwa. Leo ni mabati na tofali. Mchele unatoka Mbeya na Morogoro, viazi Njombe, na mafuta ya gari yakipanda bei sufuria inajua wiki hiyo hiyo. Mchicha na matembele haviwezi safari ya namna hiyo, vinanyauka njiani. Mboga ya majani inalimwa mabondeni humu humu mjini, na bonde letu ni mojawapo.

Sasa tupige hesabu, maana ndiyo kazi tuliyosomea. Ekari moja ni mita za mraba 4,047. Kiwanja cha 20 kwa 20 ni 400. Ukiacha njia unapata viwanja nane, au tisa ukiwa mbahili wa njia (na tumekuwa wabahili kweli, gari la zimamoto halipiti). Pesa hiyo unaipokea mara moja tu. Mchicha unavunwa baada ya wiki tatu au nne, unapanda tena, mwaka mzima maji yakiwepo. Muuzaji anaandika kilichoingia, kilichotoka hakiandiki. Hayo ni mahesabu nusu.

Na anayenunua bondeni akumbuke Msimbazi ilivyofanya Desemba 2011.

Tuseme ukweli pia: karatasi nyingi za mauziano ya bonde letu zina sahihi za mashahidi ambao ni sisi wenyewe wanachama. Hilo lilizua maneno makali kikaoni, na halijaisha.

Tulichokubaliana: Jumapili saa nne asubuhi twende wote kwenye mkutano wa mtaa, tuombe bonde libaki eneo la kilimo kwenye mchoro wa mipango miji kabla wapimaji hawajaingia. Wenye bustani waje na karatasi zao, hata za kuandikiana kwa mkono. Akina mama wasioweza kuacha genge watutumie ujumbe kabla ya Jumamosi jioni, tutawasemea.

_Katibu wa Tawi_